Turtuk: Pale Mpaka Ulipowafuata Watu

Mgogoro wa Kashmir tumeusikia kwenye taarifa za habari tangu redio zetu zilipokuwa za mbao, na karibu kila mara tunasimuliwa kwa majina ya mawaziri na idadi ya makombora. Leo mawaziri tuwaache wapumzike. Nataka tukae na kijiji kimoja tu.

Kinaitwa Turtuk. Kiko kwenye bonde la mto Shyok, ndani ya milima ya Karakoram, kaskazini kabisa mwa India, mwendo wa kilomita 200 hivi kutoka Leh, mji mkuu wa Ladakh. Ukitoka Leh unapanda kwanza hadi Khardung La, sehemu ya juu kabisa ya barabara hiyo, zaidi ya mita 5,300 kutoka usawa wa bahari. Kilimanjaro yetu ina mita 5,895, kwa hiyo kule malori ya mizigo yanapita kwenye kimo ambacho huku kwetu anakifikia mtalii aliyeparamia siku nne, anahema, na mpagazi kambebea begi. Kisha unateremka bonde la Nubra, unapita vilima vya mchanga vya Hundar wanakofugwa ngamia wa nundu mbili, unaufuata mto kuelekea magharibi. Milima ni mitupu, rangi ya kutu na majivu, kwa masaa. Halafu unakutana na kijani: miaprikoti, mijozi, mipopla, na vishamba vya shayiri vilivyopangwa ngazi kwa ngazi.

Sababu ya kijani hicho ni kimo. Turtuk iko kwenye mita 2,900 hivi, chini kuliko Leh, na upungufu huo wa mita mia kadhaa ndio unaowapa wakulima wake kitu ambacho jirani zao wengi wa Ladakh hawana: misimu miwili kwa mwaka. Wanavuna shayiri katikati ya kiangazi, na shamba lile lile wanapanda bakwiti, nafaka ya mbegu nyeusi zenye pembe tatu, inayotoa unga wa kupikia chapati nyembamba. Katikati ya kijiji kinapita kijito kinachotoka kwenye barafu ya mlimani. Upande mmoja ni Youl, mtaa wa zamani, nyumba za mawe zimebanana hadi vichochoro vinapita chini ya vyumba vya watu. Upande wa pili, ng'ambo ya daraja, ni Farol, penye nafasi zaidi. Maji ya kijito yanaingizwa kwenye mifereji na kugawanywa kwa zamu. Kwa sensa ya India ya mwaka 2011, wakazi walizidi 3,000.

Hawa ni Wabalti. Lugha yao ni ndugu wa karibu wa Kitibeti, na dini yao ni Uislamu, ambao wanausimulia kwamba uliletwa na walii Mir Sayyid Ali Hamadani katika karne ya 14. Wengi wao hufuata njia ya Nurbakhshiyya, tawi lenye asili ya kisufi ambalo leo ni nadra kulikuta nje ya Baltistan na Ladakh. Jirani zao wa Nubra, upande wa mashariki, ni Mabudha. Ndugu zao wa damu, wa lugha na wa msikiti wako magharibi, kuteremka na mto: Khapulu, Skardu na vijiji vilivyo katikati. Ukoo wa watawala wao, Yabgo, ulikuwa na makao makuu Khapulu, na nyumba yake ya kiangazi ingali pale Turtuk hadi leo. Kwa ufupi, macho ya Turtuk siku zote yalitazama magharibi. Huko ndiko walikouza, walikooa, walikosoma.

Sasa tuje kwenye serikali, maana kijiji hiki kimezibadilisha bila kuhama.

Mwaka 1840 jemadari Zorawar Singh wa ukoo wa Dogra kutoka Jammu aliiteka Baltistan. Mwaka 1846 Waingereza wakamuuzia bwana wake, Gulab Singh, bonde la Kashmir, na hapo likazaliwa dola la Jammu na Kashmir, lenye raia Waislamu kwa wingi na maharaja Mhindu. Mwaka 1947 Waingereza wakafunga virago. Maharaja Hari Singh aliyumba wiki kadhaa, kisha tarehe 26 Oktoba 1947 akatia saini ya kujiunga na India, wakati wapiganaji kutoka upande wa Pakistan wakiwa njiani kuelekea mji wake mkuu. Gilgit ikaasi siku chache baadaye. Skardu ilizingirwa miezi sita, ikaanguka Agosti 1948. Mapigano yaliposimama Januari 1949, Turtuk ilikuwa upande wa Pakistan. Julai mwaka huo maofisa wa pande mbili walikutana Karachi wakachora mstari wa kusitisha mapigano, na mstari ule ukapita mashariki ya kijiji.

Miaka 22 ikapita hivyo. Vijana wakaenda kusoma Skardu na Lahore, wengine wakatafuta kazi Karachi. Watoto waliozaliwa wakati huo walizaliwa Wapakistani.

Desemba 1971 ikafika, na hapa naomba usikilize kwa makini, kwa sababu chanzo cha yote hakikuwa Turtuk wala Kashmir. Vita ile ilihusu Bengali, Pakistan ya Mashariki, kule kwenye mikoko na mafuriko, karibu kilomita elfu mbili kutoka mlimani. Watu wa Bengali walidai haki yao, jeshi la Pakistan likawavamia mwezi Machi, mamilioni wakakimbilia India. Tarehe 3 Desemba vita kamili ikalipuka kati ya nchi mbili hizi, na kila sehemu zinapopakana pakawaka, hata kule ambako hakuna aliyekuwa na habari na Dhaka.

Kwenye bonde la Shyok, India ilimtuma Meja Chewang Rinchen na wapiganaji wa Ladakh Scouts na Nubra Guards. Huyu Rinchen hakuwa mgeni. Alizaliwa Sumur, bonde la Nubra, mwendo mfupi tu kutoka pale, na alikuwa amepata nishani kubwa ya Maha Vir Chakra tangu vita vya 1948, akiwa kijana mdogo. Lugha yake ya Kiladakhi na Kibalti zinakaribiana. Askari wake walitembea usiku kwenye baridi la Desemba, wakapanda majabali ili washuke kwenye vituo vya Wapakistani kutoka juu. Kikatekwa kijiji cha Chalunka. Katikati ya mwezi ikawa zamu ya Turtuk, kisha Tyakshi. Thang kikawa kijiji cha mwisho mbele ya mstari mpya. Tarehe 16 Desemba jeshi la Pakistan lilisalimu amri Dhaka, na kesho yake mapigano ya magharibi yakasimama. Vijiji vinne vilikuwa mikononi mwa India. Rinchen akapewa Maha Vir Chakra ya pili.

Utasema, basi, vita ikiisha watu hurudishiana walichotekeana. Na kweli, Julai 1972 viongozi wa nchi hizi mbili, Indira Gandhi wa India na Zulfikar Ali Bhutto wa Pakistan, walikutana Simla, na India ikakubali kurudisha maelfu ya kilomita za mraba ilizoziteka Sindh na Punjab. Mji wa Chachro, kwa mfano, kwenye jangwa la Thar, ulitekwa Desemba ile ile na ukarudishwa Pakistan. Mbona Chachro ilirudi na Turtuk ikabaki?

Jibu liko ndani ya mkataba wa Simla. Kule Sindh mpaka ulikuwa wa kimataifa. Pande zote mbili zilikubali upo wapi, hata kama zilichukiana. Kwa hiyo aliyeuvuka alijulikana amevuka, na alitakiwa arudi nyuma. Kule Kashmir hapakuwa na mpaka wa kurudi kwake. Kulikuwa na mstari wa kusitisha mapigano tu, na kila upande ulidai ng'ambo ya mstari pia ni kwake. Simla ikaamua kwamba huko kila mmoja abaki pale askari wake waliposimama tarehe 17 Desemba 1971, na mstari huo mpya ukaitwa Mstari wa Udhibiti. Turtuk haikurudi kwa sababu eneo lake lilikuwa na mgogoro. Ndiyo hali ya ardhi inayogombaniwa: iliyoshikwa inabaki na aliyeishika, maana hakuna hati wanayoiheshimu wote wawili.

Huwa nafikiria jambo hili ninapowasikia wasomi wetu wakiulaumu uamuzi wa viongozi wa Afrika huko Cairo, Julai 1964, waliposema kila nchi iheshimu mipaka iliyoikuta siku ya uhuru. Mipaka ile ni ya ovyo, sikatai. Ilikata koo na malisho, Wamasai na Wamakonde wanajua. Lakini Tanzania ilipoyasukuma majeshi ya Idi Amin kutoka Kagera, mstari wa kuyarudisha nyuma yake ulijulikana. Afadhali mstari mbaya unaojulikana. Haya ni maoni yangu.

Turudi Turtuk. Methali ya tembo na nyasi najua iko mdomoni mwako, lakini leo hainitoshi. Nyasi huumia tu, haziulizwi uraia. Wanakijiji wa Turtuk waliulizwa. Waliokuwa nyumbani kijiji kilipotekwa wakawa Wahindi. Waliokuwa safarini, mwanafunzi aliyekuwa Lahore, baba aliyekwenda Skardu kununua bidhaa, kijana aliyekuwa kibaruani Karachi, hao wakabaki Wapakistani. Mume akajikuta nchi moja, mke na watoto nchi nyingine, na kati yao vilima vinavyoonekana kwa macho. Barua zilizungukia mbali na kupita mikononi mwa wakaguzi. Wapo waliongoja mwaka, miwili, halafu wakaoa au kuolewa upya, kwa sababu maisha lazima yaendelee na hakuna kadhi wa kuvuka mstari ule.

Mzee wa Turtuk aliyezaliwa, tuseme, mwaka 1940 ameishi chini ya maharaja, kisha Pakistan, kisha India, na huenda bado analala chumba kile kile alichozaliwa.

Serikali ya India iliwapa vitambulisho, ikafungua shule, lakini imani haikuja na vitambulisho. Mwaka 1984 majeshi yalipanda kwenye barafu ya Siachen, kaskazini tu ya pale, na bonde lote likawa la kijeshi. Wageni hawakuruhusiwa. Kazi ya fedha taslimu kwa vijana ikawa moja: upagazi wa jeshi, kubeba mafuta na chakula hadi kwenye vituo vya barafuni ambako baridi na maporomoko vimeua watu wengi kuliko risasi. Mwaka 1999, wakati wa vita vya Kargil, mapigano yalifika hadi majabali ya juu ya Turtuk, na baadhi ya wanaume wa bonde walikamatwa kwa tuhuma za kuwasaidia waliovuka kutoka upande wa pili. Fikiria tuhuma hiyo katika kijiji ambacho aliyeko upande wa pili ni kaka yako.

Baada ya hapo jeshi lenyewe liligundua kwamba vitisho havilipi. Jenerali Arjun Ray, aliyekuwa mkuu wa kikosi kipya cha Ladakh, alianzisha mpango ulioitwa Sadbhavana, yaani nia njema: shule, zahanati, mafunzo ya ushonaji, umeme wa jenereta. Bonde la Turtuk lilikuwa kati ya sehemu za mwanzo kabisa. Wapo wanaosema ni hila ya kununua mioyo. Labda. Lakini mama anayejifungua hamuulizi mkunga analipwa na nani.

Nimesema mengi ya vita, na bado sijakuonyesha wanavyoishi. Tuingie Youl mwezi wa Julai. Juu ya mapaa, ambayo ni bapa, kumetandazwa aprikoti, zimepasuliwa nusu kwa nusu, uso juu, zinakauka. Paa lote ni rangi ya chungwa. Tunda linaiva kwa pamoja na linaoza haraka, kwa hiyo wiki zile hakuna anayekaa bure: watoto wanatikisa matawi, akina mama wanapasua kwa vidole gumba. Kokwa hazitupwi. Zinavunjwa kwa jiwe, kiini kinatolewa. Kitamu kinaliwa au kusagwa pamoja na jozi kuwa mchuzi mzito wa kulia chapati ya bakwiti. Kichungu kinasagwa, kinakandwa kwa maji ya moto kidogo kidogo, mpaka kinatoa mafuta. Mafuta hayo ni ya nywele, ya viungo vinavyouma, na zamani yalikuwa ya taa. Magamba ya kokwa yanawashia moto. Nadhani ni vigumu kupata mmea unaotumiwa mpaka mwisho namna hiyo, ukiuacha mnazi wetu.

Na siagi wanaiweka wapi kiangazi, jua likiwa kali kwenye majabali? Wana vyumba vidogo vya mawe wanavyoviita nangchung. Vimejengwa juu ya mianya ya miamba inayotoa hewa baridi kutoka ndani ya mlima. Ukuta wa mawe hauna udongo, umeachwa na matundu kwa makusudi ili hewa ile ipite. Unaingia kwa kuinama, na kijasho cha nje kinakukauka hapo hapo. Nyama, maziwa na siagi vinakaa humo siku nyingi. Hakuna bili ya umeme, hakuna fundi wa gesi. Serikali zote tatu zimevikuta vyumba hivyo na kuviacha, na vinaendelea kutumika.

Mwaka 2010 India ilifungua Turtuk kwa watalii. Kijiji kikageuka haraka. Nyumba zikawa gesti, mashamba ya pembezoni yakawa kambi za mahema, vijana wengine wakaacha kubeba mafuta ya jeshi wakaanza kubeba mabegi ya wageni kutoka Delhi na Mumbai. Nyumba ya Yabgo ikawa jumba la makumbusho, na mzao wa ukoo mwenyewe huwakaribisha wageni na kuwasimulia nasaba yake ukutani. Fedha imeingia, na wanawake wengi kwa mara ya kwanza wana chao, kutokana na vyumba, mapishi na aprikoti za kukaushwa.

Lakini angalia wageni hao wanauziwa nini. Vibao vinasema kijiji cha mwisho cha India. Gari linawapeleka hadi Thang, wanapewa darubini, wanaonyeshwa vituo vya jeshi vya pande mbili na paa za Frano, kijiji cha kwanza cha upande wa Pakistan, kilomita chache tu mbele. Wanapiga picha, wanashangilia, wanarudi kunywa chai. Mwongozaji wao huenda ana shangazi Frano. Simlaumu, ana watoto wa kusomesha, na utengano huu hakuutaka yeye. Wala sina hakika kwamba ningekuwa mimi nisingeikodisha darubini hiyo. Ila inaniudhi kwamba mtalii kutoka kilomita elfu moja anaruhusiwa kukitazama kijiji cha shangazi kwa burudani, na mpwa haruhusiwi kwenda.

Maana njia ya mpwa ni hii. Atoke Turtuk aende Leh, ashuke hadi Delhi kuomba viza ubalozini, angoje, na wengi hunyimwa. Akiipata, aende Amritsar, avuke Attari na Wagah, Lahore, Islamabad, kisha apande tena milimani hadi Skardu, Khapulu, na hatimaye Frano. Zaidi ya kilomita 2,000, kwa gharama ya mavuno ya miaka, ili afike mahali anapopaona akiwa Thang. Waliobahatika kusafiri ni wachache, na wengi walifika wakati mzazi waliyemfuata ameshazikwa. Simu za WhatsApp zimepunguza kidogo: siku hizi wajukuu wa pande mbili wanatazamana kwenye skrini na kuulizana kwa Kibalti aprikoti za mwaka huu zikoje.

Hata njia hiyo ndefu ilifungwa. Tarehe 22 Aprili 2025 watu wenye silaha waliua watalii huko Pahalgam, Kashmir. India ikafunga Attari, ikafuta viza za Wapakistani na kuusimamisha mkataba wa maji ya mto Indus wa mwaka 1960. Pakistan ikajibu kwa kufunga njia zake. Tarehe 7 hadi 10 Mei nchi hizi zilishambuliana kwa makombora na ndege zisizo na rubani. Maji ya Shyok, mto unaoungana na Indus ng'ambo ya pili, nayo yamo katika mkataba uliosimamishwa.

Wabalti wa pande zote mbili wana ombi ambalo wamelirudia kwa miaka. Hawaombi mstari uhamishwe. Wanaomba barabara ya kutoka Turtuk hadi Khapulu ifunguliwe, na ile ya Kargil hadi Skardu, ili familia zitembeleane kwa kibali. Si ombi la ndotoni. Tarehe 7 Aprili 2005 basi lilianza kuvuka mstari kati ya Srinagar na Muzaffarabad, likabeba wazee waliotengana tangu 1947, na likaendelea kwa vipindi hadi 2019. Wakati huo huo wajumbe wa nchi mbili waliizungumzia njia ya Turtuk pia, kisha mazungumzo yakafa. Kutoka Turtuk hadi Khapulu hakufiki kilomita 100. Jeshi la kila upande limeshatengeneza barabara karibu hadi kwenye vituo vyake vya mbele. Kilichobaki ni kipande kifupi cha katikati na saini mbili, moja ya Delhi na nyingine ya Islamabad.